Shukrani ya Punda na Dhuluma ya Mwanadamu

Methali ni mali ya taifa, lakini si kila mali iliyorithiwa imepatikana kwa haki. Katika hazina ya Kiswahili zimo methali zitufunzazo subira, umoja na heshima ya kazi. Zimo pia zile ambazo, zikichunguzwa vema, zaonekana kuwa ni ushahidi wa uongo, uliorudiwa masikioni mwa mtoto tangu utotoni hata akauamini. Miongoni mwa hizo twazichagua mbili. Ya kwanza yasema kwamba asante ya punda ni mateke. Ya pili yasema: punda afe, mzigo ufike. Ya kwanza yamtia punda hatiani, ya pili yamhukumu kifo, na hapana siku hata moja mshtakiwa alipoitwa ajitetee.

Katika makala haya tunakusudia kumtetea. Hatufanyi hivyo kwa mzaha, wala kwa kupungukiwa na mambo makubwa ya kuandikia. Twaamini kwamba namna taifa linavyomtendea kiumbe asiyeweza kulishtaki ni sehemu ya utamaduni wake, sawasawa na ngoma zake, mashairi yake na adabu zake za mezani. Twaamini pia kwamba anayefanyiwa kazi ana deni kwa anayemfanyia, hata kama mfanya kazi huyo ana kwato. Deni hilo kwa punda hatujalilipa. Kibaya zaidi, tumejitungia hekima za kutufariji tusilipe.

Kwanza yafaa tujue tunamzungumzia nani. Wako wadhanio kwamba punda ni mnyama wa ugenini aliyeletwa na majahazi. La hasha. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 umeonyesha kwamba punda wote wa dunia wana asili moja, na kwamba walifugwa kwanza hapa hapa Afrika, upande wa mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Kutoka kwetu ndipo walipoenea Misri, Arabuni, Ulaya na Asia. Wanyama wengi tunaowafuga walifugwa kwanza na watu wa mabara mengine, wakatufikia baadaye. Punda ndiye zawadi ya Afrika kwa ulimwengu. Basi ikiwa yupo mnyama wa kufugwa ambaye Mwafrika angestahili kumwonea fahari, ni huyu ambaye jina lake tumelifanya tusi.

Angalieni kazi zake. Katika nchi kavu za Umasaini na Ugogo, punda ndiye bomba la maji la kijiji kisichokuwa na bomba. Madumu yafungwa ubavuni, naye hushika njia ya kisimani, hurudi, hushika tena. Hubeba mahindi kwenda mashineni na unga kurudi nyumbani. Hubeba kuni, mchanga na matofali ya kujengea shule. Mjini Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari, saruji na mawe ya kila nyumba vimepita juu ya mgongo wake, na hadi leo wakati wa sherehe za Maulidi vijana hushindana kwa mbio za punda. Wazee wetu wa pwani walijua hata kuwabagua kwa tabaka: punda mweupe wa Maskati alitandikwa vizuri, akapandwa na wenye mali wa Unguja, naye punda kihongwe wa bara alivikwa shogi, akapigwa. Kumbe hata katika zizi tulikuwa na mabwana na watwana.

Huyo ndiye tunayesema kwamba asante yake ni mateke. Twauliza: asante kwa lipi? Ili mtu adai shukrani sharti kwanza awe ametoa fadhila. Punda aliyeamshwa alfajiri bila maji, akabebeshwa mzigo uliomzidi, akafungwa kwa kamba iliyomla ngozi hadi nyama nyekundu ikaonekana, kisha akachapwa juu ya kidonda kile kile, huyo amepewa fadhila gani hata ailipe? Teke lake si utovu wa shukrani. Ni neno pekee alilobakiziwa. Hata huo tuuitao ukaidi wa punda si ukaidi. Wajuzi wa wanyama watuambia kwamba farasi akiogopa hukimbia, bali punda akiogopa husimama apate kutazama kilichoko mbele yake. Anayempiga kwa sababu amesimama anamwadhibu kwa kuwa na hadhari, sifa ambayo kwa binadamu twaiita busara.

Hapa husimama mpinzani wetu wa kwanza, naye huja na suti na tai. Husema: haya ya kuwahurumia wanyama ni mambo ya Wazungu, Mwafrika ana shida zake, asipoteze wakati kwa kulia machozi ya kukopa. Kauli hii hupenda kujivika vazi la uzalendo. Sisi twasema ni kasumba ile ile ya kikoloni iliyogeuzwa nje ndani, kwa maana yamwachia mgeni sifa ya huruma na kutuachia sisi sifa ya ukatili, kisha yatutaka tujivunie mgawo huo.

Hebu tuiangalie historia ya hao wanaosemwa kuwa walimu. Katika karne ya 17 mwanafalsafa Mfaransa Descartes alifundisha kwamba mnyama ni kama mashine, hana roho ya kufikiri, na wafuasi wake walitafsiri kilio cha mnyama kuwa kama mlio wa saa iliyoharibika. Mjerumani Kant, katika karne ya 18, alisema kwamba hatuna wajibu wowote kwa mnyama mwenyewe, ila tujihadhari na ukatili kwa sababu anayezoea kumtesa mnyama atakuwa mgumu wa moyo kwa watu. Mwingereza Bentham ndiye aliyeandika, katika kitabu kilichotoka mwaka 1789, kwamba swali si kama mnyama aweza kufikiri au kusema, bali kama aweza kuumia. Bunge la Uingereza lilingoja hadi mwaka 1822 kupitisha sheria ya kumlinda ng'ombe, farasi na punda dhidi ya ukatili. Basi huruma hiyo tunayoambiwa ni ya Wazungu, wao wenyewe waliishindania kwa miaka mingi, na wengi wao waliicheka.

Na walipokuja huku waliiacha bandarini. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka punde katika kiti cha urais wa Marekani, alifika Afrika ya Mashariki na mwanawe. Kwa hesabu yake mwenyewe, wawili hao waliua wanyama wakubwa 512. Huo uliitwa uchunguzi wa elimu na mchezo wa waungwana. Mwananchi aliyetega digidigi ili wanawe wale aliitwa jangili. Hatuhitaji kwenda shule kwa watu wa namna hiyo ili kujua mnyama ni nini.

Wahenga wetu walilijua jambo hili, wakalisema kwa maneno machache: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wako waitumiao methali hii kana kwamba yahusu unafiki wa watu tu. Lakini izingatieni vema. Haichekeshi wala haina maana ila kwa mtu anayekubali kwanza kwamba mkuki ule ule, uchungu ule ule, humpata nguruwe kama umpatavyo mwanadamu, na kwamba anayeuona mtamu ubavuni mwa mwenzake amejifumba macho. Swali la Bentham na jibu lake vyote vimo humo, bila kitabu na bila bunge.

Na si methali peke yake. Waislamu miongoni mwetu wamefunzwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, na ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Wamefunzwa habari ya ngamia aliyelia mbele ya Mtume, naye akamwita mwenye ngamia na kumwonya amche Mungu juu ya mnyama anayemtia njaa na kumchosha kwa kazi. Hata anayechinja ameamriwa akinoe kisu chake, asimtie mnyama mateso. Wakristo nao wasoma katika kitabu cha Hesabu habari ya punda wa Balaamu, aliyefunuliwa kinywa akamuuliza bwana wake amemkosea nini hata ampige mara tatu, na malaika akaja kulishika neno la punda. Wasoma pia katika kitabu cha Kutoka kwamba ukimwona punda wa adui yako ameanguka chini ya mzigo, sharti umsaidie. Wafugaji wetu nao, ambao mara nyingi hudharauliwa na watu wa mjini, humjua kila ng'ombe kwa rangi yake na kwa jina lake. Nani basi aliyetuambia kwamba huruma hii si yetu? Ni yetu. Tumeiweka juu ya kabati kama vyombo vya wageni, haitumiki.

Hatusemi haya ili tufunge madirisha yetu kwa mawazo ya dunia. Mwaka 1975 Peter Singer wa Australia aliandika kwamba uchungu wa mnyama usipuuzwe kwa sababu tu yeye si wa jinsi yetu. Mwaka 1983 Mmarekani Tom Regan akaenda mbali zaidi, akasema kwamba mnyama mwenye uhai wa kuona na kuhisi ana haki, na kwa hiyo asifanywe chombo cha mwingine kabisa. Wanafikra hawa twawaheshimu, kwa kuwa wametoa hoja wala hawakutoa machozi tu. Hata hivyo hatuwezi kuwafuata hadi mwisho wa njia. Anayekula maharage sokoni katika mji wenye mvua aweza kuacha nyama kesho. Mfugaji wa nyika kavu, ambako jembe halina kazi, hawezi kuambiwa aache mifugo bila kuambiwa afe. Wala mwanakijiji asiye na gari hawezi kuambiwa amwache punda apumzike maisha yake yote.

Msimamo wetu ni mwingine. Hatuanzi kwa kuuliza punda anafanana nasi kiasi gani. Twaanza kwa kuuliza yuko wapi katika maisha yetu, na jibu ni kwamba yuko kazini. Yeye ni mtumishi wa nyumba, na mtumishi ana madai. Ana dai la chakula na maji kabla ya kazi, dai la mzigo ulio sawa na nguvu zake, dai la kupumzishwa na kutibiwa anapoumia, na dai la kutotupwa njiani anapozeeka. Madai hayo hayategemei punda awe na akili ya kuyaandika. Mtoto mchanga naye hana akili hiyo, wala hatumnyimi maziwa.

Lakini atatokea mtu aseme punda hana akili, hana moyo, hahisi kama tuhisivyo. Huyo twamkumbusha hadithi ambayo Waswahili wamewasimulia watoto wao kwa vizazi vingi, hadithi ya punda wa dobi. Simba alikuwa mgonjwa, akamtuma sungura amletee nyama. Sungura akamwendea punda wa dobi kwa maneno matamu, akamleta. Simba akamrukia, punda akaponyoka na majeraha. Baadaye sungura akamrudia, akamshawishi tena, punda akaja mara ya pili, akauawa. Simba akaagiza awekewe moyo na masikio. Sungura akavila kwa siri. Alipoulizwa viko wapi, akajibu kwamba punda yule hakuwa na moyo wala masikio, kwani angekuwa navyo asingalirudi.

Tumeicheka hadithi hii miaka mingi, na kicheko chetu chote tumemwekea punda. Hatukusita kuuliza: nani aliyeula moyo? Aliyeula ndiye huyo huyo aliyesimama mbele ya mkubwa akaapa kwamba haukuwapo. Hiyo ndiyo historia nzima ya hoja isemayo mnyama hana hisia. Asemaye hivyo kwa kawaida amekwisha kula. Descartes na sungura wamekaa baraza moja. Na punda, kwa nini alirudi? Hadithi yenyewe yajibu kwa jina lake: alikuwa punda wa dobi, mnyama wa mizigo. Mtu aliyechoka sana hudanganyika upesi kwa ahadi ya nafuu. Wangapi miongoni mwa watu wameifuata ahadi kama hiyo mara mbili?

Sasa tuifikie methali ya pili, ile isemayo punda afe, mzigo ufike. Hii twaiona mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu ya kwanza yasingizia tu, bali hii yaamrisha. Na sharti isemwe wazi kwamba amri hii haijapata kukoma kwa punda.

Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalishuka kutoka upande wa Kilimanjaro kuwafukuza Wajerumani kuelekea kusini. Yalifuatana na farasi, baghala, punda na maksai wengi mno. Njia zao zilipita katika nchi ya mbung'o, na ugonjwa wa nagana ukawashika wanyama. Wakafa maelfu kwa maelfu, mizoga ikatanda kando ya barabara. Punda alikufa, lakini mzigo ilikuwa lazima ufike. Basi ukapandishwa juu ya vichwa vya watu. Pande zote mbili za vita ziliwakamata wananchi, mamia ya maelfu yao, zikawafanya wachukuzi wa risasi, unga na mahema. Makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na njaa, kuhara, homa na uchovu, yaani mauti yale yale ya punda. Kiingereza kiliwaita Carrier Corps, nasi kwa ulimi wetu tukasema Kariakoo. Kila siku maelfu ya watu huuza na kununua katika soko la jina hilo jijini Dar es Salaam, na wachache hukumbuka kwamba wanalitamka jina la watu waliobebeshwa mzigo wa punda aliyekufa.

Hapo ndipo ilipo hatari ya methali hii. Anayeizoea kanuni kwamba mzigo ni bora kuliko mbebaji hachagui mbebaji. Leo atasema juu ya punda, kesho atasema juu ya hamali wa bandarini, juu ya kibarua wa shamba la mkonge, juu ya mtumishi wa ndani asiyepewa siku ya kupumzika. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufunza kulichukia neno unyonyaji, na kuliita kwa jina lake tendo la kula jasho la mwingine. Hatudai kwamba punda ni raia, wala kwamba apewe kadi ya kupigia kura. Twasema tu kwamba mkono uliozoea kunyonya jasho lisilo na msemaji hautajua lini kuacha. Kant alikuwa na haki katika hilo. Alikosea pale tu aliposimama hapo, kana kwamba punda ni kioo cha kujitazamia sisi wenyewe. Punda huumia kwa ajili yake mwenyewe, hata kama hapana mtu atakayeharibika tabia kwa kumwumiza.

Mpinzani wa pili haji na tai. Huja na jembe begani, naye twamsikiliza kwa heshima zaidi. Husema: ndugu zangu, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Watoto wetu hawajashiba, zahanati hazina dawa, nanyi mwatuambia tuwe na huruma kwa punda? Binadamu kwanza.

Jibu letu ni kwamba tuitazame biashara ya ngozi, kwani hiyo imekwisha kutufundisha somo hili kwa gharama. Nchini China ngozi ya punda huchemshwa ikatoa utomvu mzito uitwao ejiao, unaotumika katika dawa za jadi na vipodozi. Mahitaji yalipopanda, punda wa China wenyewe, waliokuwa milioni 11 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990, walishuka wakawa chini ya milioni 3. Ndipo wanunuzi walipogeukia Afrika. Machinjio ya punda yalifunguliwa Kenya na Tanzania, na yetu yalikuwa Dodoma na Shinyanga. Ghafla punda akawa na bei kubwa akiwa amekufa kuliko akiwa hai. Wezi wakaingia maboma usiku. Asubuhi mwenye mali alikuta kichakani mzoga uliochunwa, nyama imeachwa, ngozi imekwenda. Nchini Kenya hesabu ya punda ilikuwa kama milioni 1.8 katika sensa ya mwaka 2009, na ile ya mwaka 2019 ikaonyesha kama milioni 1.2.

Wafanya biashara walisema punda watazaliwa wengine. Hawakumwuliza mfugaji. Punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, hata zaidi, na huzaa mtoto mmoja. Mashine ya kuchuna haingoji mwaka.

Na punda alipokwisha kuibiwa, nani aliyebeba maji? Si mnunuzi wa ngozi. Si mwenye machinjio. Alibeba mama wa nyumba ile, na binti yake aliyetolewa shuleni kwa ajili hiyo. Hilo ndilo jibu kwa wasemao binadamu kwanza. Mzigo wa punda haupotei punda anapopotea. Mwaka 1916 ulihamia kichwani mwa pagazi, na katika miaka yetu umehamia mgongoni mwa mwanamke. Anayemtetea punda hajamsahau binadamu. Amemkumbuka yule binadamu ambaye wengine humsahau kwanza.

Serikali zetu hazikulala. Mwezi wa Februari mwaka 2020 Waziri wa Kilimo wa Kenya, Peter Munya, alitangaza kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa biashara, ingawa mwaka 2021 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliitengua amri yake. Serikali ya Tanzania ilisimamisha uchinjaji huo mwaka 2022. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kuzungumza habari za punda, na mwezi wa Februari mwaka 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika, katika mkutano wao wa Addis Ababa, walikubali kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima kwa miaka 15. Hapo zamani walicheka waliposikia neno punda katika mkutano wa wakubwa. Safari hii hawakucheka.

Lakini kumwokoa punda na kisu cha mgeni si sawa na kumwokoa na fimbo yetu wenyewe. Hapa ndipo tunapotaka kuwa wakali. Ni rahisi kumlaumu mnunuzi wa mbali. Tembeeni barabara za miji yetu saa saba mchana, mtazame mikokoteni. Mtaona punda aliyefungwa kwa waya pasipo tandiko, bega limechubuka, mchanga umejaa hadi magurudumu yanalia, na hakuna ndoo ya maji tangu alfajiri. Sheria tunayo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008, yatambua kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia, na yakataza kumtesa. Sheria hiyo imekwisha kuwa mtu mzima, ila wengi hawajapata kuonana naye. Wako wanaowapitia punda hao kila asubuhi wakienda ofisini, nao ni watu waliopewa kalamu na mhuri wa kuitekeleza.

Tukumbuke kwamba mwaka 1961, taifa likiwa bado changa kama umande, Mwalimu Nyerere alitoa tamko mjini Arusha kwamba wanyama pori wetu ni dhamana tuliyopewa kwa ajili ya wanaokuja baada yetu. Tangu hapo tumemwekea tembo walinzi wenye bunduki, na twiga tumemfanya nembo. Ni vema, twajivunia. Lakini huo ni upendo wa wanyama wanaotuletea wageni na fedha. Upendo wa mnyama asiyepigwa picha na mgeni yeyote ndio utakaotupima.

Basi twapendekeza nini? Kwanza, halmashauri za miji na wilaya ziiweke sheria ya mwaka 2008 katika sheria zao ndogo kwa maneno yanayoeleweka: kipimo cha mzigo, saa za mapumziko, mahali pa kunyweshea maji karibu na masoko na vituo vya mchanga, na katazo la kumtumikisha punda mwenye kidonda. Pili, mabwana mifugo wafundishwe na wapewe dawa za kumtibu punda, asiachwe nyuma ng'ombe wanapopelekwa joshoni na kwenye chanjo. Tatu, shule za msingi zifundishe watoto kumtunza mnyama wa kazi, jinsi ya kushona tandiko la magunia na nguo kuukuu, jinsi ya kukagua kwato. Haya hayahitaji fedha za kigeni. Nne, wale wanaokodisha mikokoteni washtakiwe wao kabla ya kijana anayeiendesha. Kijana huyo hulipwa kwa safari, naye amekwisha kuambiwa na tajiri wake neno lile lile: punda afe, mzigo ufike. Si adui wetu. Yeye na punda wamefungwa kamba moja, tofauti ni upande tu.

La tano latuhusu sisi washairi, waandishi na walimu wa lugha. Tumelitumia jina la punda kama tusi la mjinga, nasi tulijua kwamba mjinga hafanyi kazi kama ile. Tumewapa watoto insha za kueleza maana ya methali, wakapata alama kwa kurudia dhuluma. Hatusemi methali zifutwe. Methali haifutwi kwa tangazo la gazeti la serikali. Twasema zifundishwe pamoja na mashtaka yake. Mwalimu anapoandika ubaoni kwamba asante ya punda ni mateke, aulize darasa: na asante ya binadamu kwa punda ni nini? Mtoto wa kwanza atakayejibu kwa haki, huyo ndiye atakayekuwa ameanza kuisahihisha lugha yetu.

Taifa haliwi na utu kwa kuutangaza majukwaani. Utu ni zoezi la kila siku, na huzoezwa hasa pale ambapo aliye chini yetu hana uwezo wa kutulazimisha. Punda hana chama, hana gazeti, hana mjomba serikalini. Yote aliyonayo ni mgongo. Ukiwa na kidonda, kidonda hicho ni maandishi, na anayejua kusoma atayaona majina yetu yamo.